Sauti ya Ng'ambo ya Barabara

Wanafunzi wanaokwenda kwa Tereza Mhoja pale Nyegezi kutoa kopi za kazi zao wanamjua kama mama wa stesheneri, mkali kwa wanaoruka foleni. Hawajui kwamba baba zao na mama zao, walipokuwa wakisoma katika vyuo vya mji huu huu, walikuwa wakiacha vitabu wazi mezani na kutoka mbio, viatu mkononi, kwa ajili ya sauti yake. Naye hawaambii. Ukimchokoza atakujibu kwamba ya kale hayanuki, na kabla hujavuta kiti ukae ameshaanza kuimba kiitikio. Mdomo wake ukikataa jambo, usiuamini.

Enzi zile kulikuwa na muziki Mwanza! Nasema muziki, wa watu wazima kusimama jukwaani na kutokwa jasho, si huu wa kubonyeza simu. Katika barabara moja ya vumbi iliyokwenda chuoni zilikuwapo baa mbili zilizotazamana. Upande wa mlimani ilikuwapo Kivulini Garden, ngome ya bendi ya Mawe Matatu. Upande wa ziwani ilikuwapo Sangara Inn, na humo walipiga Ziwa Sound. Kila Jumapili alasiri kulikuwa na bonanza, na bendi zote mbili zilianza saa ile ile, makusudi, spika zimeelekezana uso kwa uso. Wanafunzi walijaa barabarani katikati, soda mkononi, wakisikiliza huku na huku, wakiwa hawajui waingie wapi.

Mgeni kutoka Dar aliona huo ni wazimu. Msukuma hakuona wazimu wowote. Usukumani kuna Wagika na kuna Wagalu, vyama viwili vya ngoma tangu enzi za mababu, na baada ya mavuno husimama kwenye uwanja mmoja wakacheza kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma yake. Aliyevuta watu ndiye mshindi. Watu wakikuhama, umeshindwa, kusanya njuga zako uende nyumbani. Bendi za Nyegezi ziliiga hilo bila hata kukaa kikao, kwa kuwa nusu ya wapigaji walikulia viwanjani humo.

Tereza mwenyewe alikuwa mtoto wa Mgalu. Baba yake, kule Magu, alicheza na jembe, akilirusha juu na kulidaka huku wanawake wakipiga vigelegele. Alipomfundisha bintiye kuimba alimfundisha na sheria moja. "Mtazamaji ana miguu, mayu," alimwambia, kwa neno la Kisukuma la kumwita binti mama. "Mchezaji hana. Watu wakihama, wewe cheza. Ukivuka kwenda kwa wenzako, umekiuza chama." Tereza alikuwa mdogo, lakini hilo lilimwingia likakaa.

Akakua, akaja mjini, akawa sauti ya Mawe Matatu. Wimbo wake mkubwa uliitwa "Nimeachwa Kigongo", na kama ulisoma Mwanza miaka ile huwezi kusema huujui. Wanafunzi wa kutoka Sengerema na Geita walikuwa wakivuka kwa pantoni kati ya Kigongo na Busisi, na hakuna aliyekuwa hajawahi kuachwa.

*Pantoni imeng'oa nanga, kikapu changu kiko ndani,*
*mimi niko Kigongo, moyo umefika Busisi.*

Akifika hapo kwenye Busisi alikuwa anaivuta sauti mpaka watu waliokuwa wamekaa wanasimama. Na wakishasimama, mpiga drams wake, Obedi, aliyekuwa pia kiongozi wa bendi, anawafungulia sebene, ile sehemu ya ala tupu ya kuchezesha watu, na hakuna anayekaa tena.

Sasa ng'ambo ya barabara, kwenye Ziwa Sound, palikuwa na kijana mmoja mrefu, mkimya, aliyepiga gita la solo. Jina lake Alexander Mayala. Huyo alikuwa hatari. Kiongozi wake alikuwa Yahaya, mtoto wa mjini, mwimbaji wa sauti nzito na maneno mengi, na kwenye sebene Yahaya alikuwa na desturi ya kuwataja wapigaji wake mmoja mmoja: tumba ni fulani, besi ni fulani, na wa mwisho kabisa, watu wameshapandwa na mori, "Alexandeeer Mayala, mwana wa mawe!" yaani mtoto wa Mwanza, mji wa mawe. Hapo gita lilikuwa linalia na wanafunzi wa Kivulini wanavuka barabara kundi zima. Tereza alimchukia mtu huyo kwa moyo wake wote. Ndivyo alivyosema.

Jumapili moja, katikati ya sebene la Ziwa Sound, gita lilinyamaza. Tereza alikuwa ameanza "Nimeachwa Kigongo", na alipofumbua macho alimwona yule mrefu amesimama mbele yake, upande wa mlimani, mikono mitupu. Ameweka gita chini. Amevuka. Watazamaji walipiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakabweka, kwa sababu kila mtu alielewa kilichotokea: mchezaji amevuka, Ziwa Sound wameuzwa. Alexander hakuwatazama. Alimsikiliza Tereza mpaka ubeti wa mwisho, na mwaka haukuisha akawa mumewe.

Yahaya hakumfukuza kwa makelele. Alifanya jambo baya zaidi. Tangu siku hiyo hakulitaja jina lake. Akilazimika kumzungumzia alisema "shemeji wa Mawe", na kwenye sebene alitaja tumba, besi, rizimu, kisha akaruka pale mwisho na kuendelea, hata baada ya Alexander kuondoka na mpiga solo mwingine kupatikana. Bendi zenyewe hazikudumu. Disko likaja, simu zikaja, Kivulini ikageuzwa hosteli ya wanafunzi na Sangara Inn siku hizi wanaosha magari. Alexander akawa fundi wa kuchomelea mageti. Ni fundi mzuri, mume mzuri, baba mzuri wa Rebeka, binti yao ambaye sasa naye yuko chuoni. Lakini kila redio inapopiga dansi la zamani na mwimbaji akianza kutaja wapigaji, Alexander hutoka nje kwenda kuangalia kama geti limefungwa. Tereza ameliona hilo miaka yote ya ndoa. Geti huwa limefungwa.

Basi mwaka huu, daraja la Kigongo na Busisi limeshafunguliwa na pantoni imebaki hadithi, akaingia stesheneri mama mmoja mnene mwenye miwani, akaruka foleni. Tereza alikuwa ameshafungua mdomo kumshughulikia.

"Dada Tereza! Hunikumbuki? Selina! Nilikuwa nalala barabarani kwenu!"

Selina, mwanafunzi wa zamani, sasa mwalimu mkuu huko Geita. Wenzake aliosoma nao wamechanga, wanarudi Mwanza kuonana, wamekodi bustani kando ya ziwa kule Luchelele. Hawataki spika tupu. Wanataka bonanza, Jumapili alasiri, bendi mbili, kama zamani.

Tereza alijibu kwamba yeye ni mtu mzima sasa, ana shinikizo la damu, anaimba kwaya tu. Kisha akauliza, "Jumapili ipi?"

Obedi alipatikana kwa simu moja, akalia kwa furaha simuni, mwanaume mzima. Lakini habari za upande wa pili hazikuwa nzuri. Mpiga solo wa Ziwa Sound aliyemrithi Alexander alihamia Kigoma siku nyingi, na Yahaya amesema watapiga bila solo. Tereza aliposikia hivyo alifunga stesheneri mchana kweupe, akapanda bodaboda hadi Makoroboi, ambako Yahaya anauza vyombo vya plastiki.

"Shikamoo, kaka Yahaya."

"Marahaba, Mama Mawe. Umekuja kunitishia?"

"Nimekuja kukuonea huruma. Nasikia mnakuja bila solo."

Yahaya alipanga beseni juu ya beseni. Ndevu zimekuwa nyeupe, lakini kiburi hakijapata mvi hata moja. "Solo si kitu. Tutawapigeni na rizimu."

"Mtatupiga na nini? Kaka, nitawamaliza kabla hamjafika sebene la kwanza. Watoto wa watu watasafiri kutoka Bukoba waje kukuona umesimama peke yako na tumba. Aibu hiyo utaipeleka wapi? Na mtu yupo. Yuko nyumbani kwangu, anachomelea mageti."

Tereza hakuwa amepanga kubembeleza, kwa sababu alimjua: ukimbembeleza Yahaya anavimba, ukimdharau anaamka. Mzee aliliweka beseni chini.

"Aje," alisema mwishowe. "Mguu wake uje, mkono wake uje, gita lipo. Lakini jina lake silitaji. Mwambie kabisa asije akangoja."

Jioni hiyo Tereza alimwambia mumewe neno kwa neno, maana hakutaka kumdanganya. Alexander alikuwa anakula ugali na dagaa. Aliendelea kutafuna, akameza, akanywa maji.

"Nitakwenda," alisema.

"Na jina?"

"Mama Rebeka, sikuingia kwenye muziki kwa ajili ya jina." Kisha akatoka kwenda kuangalia geti.

Hapo ndipo Tereza alipojua anachokitaka. Hakukitaka kwa utulivu, alikitaka kama mtoto anavyotaka sikukuu. Alitaka Yahaya alitaje lile jina, kwenye sebene, mbele ya watu, na Alexander akiwa na gita mkononi. Alijua pia kwamba Yahaya hawezi kuombwa wala kulazimishwa. Jina lile lingetoka kwa njia moja tu: gita limtoe mzee akili. Na shida ilikuwa kwamba mtu aliyekuwa na kazi ya kuhakikisha gita hilo halisikiki alikuwa ni yeye mwenyewe.

Nyumba ikawa kambi mbili. Alexander alileta gita la kuazimwa na kufanyia mazoezi karakanani, katikati ya mabomba na nondo, mlango umefungwa. Tereza akawa anaimba jikoni kwa kunong'ona ili adui asijue ni wimbo gani unafuata. Wakikutana mezani walitazamana kwa kuvizia. "Mtaanza na ule wa harusi?" Alexander anauliza kwa sauti ya mtu asiye na haja ya kujua. "Kula," Tereza anajibu. Rebeka alicheka mpaka akapaliwa. Akawaambia wenzake chuoni kwamba wazazi wake wamerudi utotoni, na wenzake hao, wasioamini kwamba mama wa stesheneri anaweza kuimba chochote, wakaapa kwenda kuona.

Usiku Tereza hakulala vizuri, si kwa hofu. Alikuwa anasikia tumba kichwani. Alikuwa amesahau kwamba mwili unaweza kufurahi kiasi kile, miguu kuwasha. Alijiona mjinga na akaupenda ujinga huo.

Jumapili ikafika, jua kali, ziwa tulivu. Bustani ya Luchelele ilikuwa na njia ya changarawe katikati, na Selina alikuwa ametangaza kwamba hiyo ndiyo barabara. Mawe Matatu mkono huu, Ziwa Sound mkono ule. Wale wanafunzi wa zamani walikuja, jamani! Waliokuwa wembamba wana matumbo, waliokuwa na nywele wana vipara. Walikumbatiana, walipigana makofi ya mgongo, walitafuna sato wa kuchoma wakiulizana nani yuko hai. Na Obedi alipogonga vijiti mara ya kwanza waliacha sahani na kukimbilia changarawe wote kwa pamoja, wakasimama katikati kama zamani, huku na huku, hawajui waingie wapi. Tereza aliwatazama, akashika kipaza sauti.

Kisha akafungua mdomo, akawachukua.

Niseme ukweli, sauti yake haikuwa ile. Ilikuwa imeteremka, imekuwa nzito, ina mkwaruzo pembeni. Ilikuwa nzuri zaidi. Wimbo wa kwanza ulileta nusu ya watu, wa pili ukaleta wengine zaidi. Wenzake Rebeka walikuwa mbele kabisa, midomo wazi. Ng'ambo, Ziwa Sound walikuwa wanahangaika. Alexander alikuwa anapiga misemo yake ya zamani, yote, kwa kasi ya zamani, na vidole vilivyozoea mashine ya kuchomelea vilikuwa vinajikwaa. Nota zikateleza. Mtu mmoja akacheka. Yahaya alimtupia jicho shemeji wa Mawe na kugeuka pembeni.

Tereza aliyaona hayo yote akiwa anaimba. Na watu waliyaona, kwa sababu wote waliijua ile hadithi ya Jumapili ile. Selina ndiye aliyeanza, kwa nia njema, kupitia kipaza sauti chake cha kutangazia: "Dada Tereza, vuka! Mfuate mumeo!" Wakadakia wote. "Vuka! Vuka! Vuka!" Waliona lingekuwa jambo zuri, mume alivuka kwa ajili ya mke, naye mke avuke kwa ajili ya mume, watu walie, wapige picha, waende nyumbani.

Nyayo zilimwasha. Njia ilikuwa pale, hatua chache tu. Alimwona Alexander ameinua uso na kumtazama, na usoni mwake hapakuwa na ombi, palikuwa na woga. Tereza alielewa woga huo. Akivuka, mumewe atakuwa ameshinda kwa kuhurumiwa na mkewe, na Yahaya hatataja jina la mtu aliyehurumiwa mpaka kaburini.

"Obedi," alisema bila kugeuka, "Kigongo."

"Tutawaua, mayu."

"Ndiyo. Tuwaue."

Aliimba "Nimeachwa Kigongo" kama hajawahi kuuimba. Hakupunguza kitu, hakumwachia mumewe hata upenyo. Alimpiga nao. Wanawake wazima waliokuwa wakiachwa na pantoni wakiwa wasichana walishikana mikono na kulia, na watoto waliokuja kwa daraja, ambao hawajawahi kuachwa na chochote, walilia nao. Sasa changarawe yote ilikuwa tupu na upande wa Ziwa Sound hapakuwa na mtu hata wa dawa.

Ndipo Alexander alipotabasamu.

Tereza alimwona. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyepigwa kwelikweli na kujua kwamba ameheshimiwa. Akaacha misemo ya zamani. Akatulia. Akaanza kugonga nota chache tu, chini, polepole, akizirudia, kila moja imekaa mahali pake imara, kazi ya mtu ambaye kwa miaka mingi ameunganisha chuma na chuma na kuhakikisha hakiachii. Mpiga tumba wa Ziwa Sound aligeuza shingo. Besi ikajiunga. Sebene likaanza kuchemka bila mtu kulitangaza.

Wa kwanza kuvuka alikuwa mzee mmoja mwenye sahani ya samaki. Halafu wawili. Halafu Rebeka, msaliti yule, akiwavuta wenzake kwa mikono. Halafu Selina na kipaza sauti chake. Halafu changarawe ikalia kwa miguu ya watu, wakikimbia, wakipiga mbinja, na Tereza akawa anaimba huku akiwaona migongo. Aliongeza sauti. Obedi aliongeza drams mpaka kijiti kikavunjika. Haikusaidia kitu. Gita lile lilikuwa linawaita kutoka mahali ambapo sauti yake haikufika, na yeye mwenyewe, Mungu amsamehe, kiuno chake kilikuwa kinalijibu.

Ng'ambo, Yahaya alikuwa amefumba macho na kofia yake ameitupa chini. Jasho lilimtiririka kwenye ndevu. "Tumba!" alipaza, akamtaja mtu wa tumba, watu wakaitikia. Akamtaja wa besi. Akamtaja wa rizimu. Kisha akafika pale mwisho, akanyamaza, na gita likaendelea kulia peke yake juu ya vichwa vya watu. Alexander alikuwa amemgeuzia mgongo. Hakungoja. Alikuwa ameinamia nyuzi tu.

Tereza alikuwa katikati ya ubeti.

"Na huyu," alisema Yahaya, na sauti ikamkatika, akaianza upya. "Na huyu ndiye aliyetuacha akavuka. Miaka yote nimesema ni msaliti. Leo nimeisikia vizuri ile sauti ya ng'ambo, ndugu zangu, hata mimi ningevuka! Alexandeeer! Alexander Mayala! Mwana wa mawe, karudi kwao!"

Watu walipasuka kwa kelele. Alexander hakugeuka, lakini Tereza, aliyemjua mgongo wake kuliko alivyoujua uso wa mtu mwingine yeyote, aliuona ukitetemeka, na gita likapanda juu, juu zaidi, likalia waziwazi pale ambapo mpigaji wake hakuweza kulia.

"Mayu, ubeti!" alipiga kelele Obedi nyuma yake. "Mayu! Unaimba au unafanya nini?"

Tereza alikuwa amesimama mdomo wazi, kipaza sauti kifuani, machozi yanamteremka mpaka shingoni. Ubeti mzima ulikuwa umempita, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Mbele yake hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumwona. Akajifuta kwa kiganja, akapumua, akaudaka wimbo kwenye kiitikio na kuimba kwa hasira zake zote, kwa sababu alikuwa ameshindwa, na Tereza Mhoja hakupenda kushindwa hata na mtu anayempenda.